Ruzuku Iliyotaka Viongozi Wawili

Niliondoka kwangu Kabasa, Bunda, kwa sababu moja: kumchukua Mama Nyangeta wa Buswahili nimpeleke Musoma. Chuo ninakofundisha kilikuwa kimeomba ruzuku ndogo, ya ile miradi ambayo chuo na kijiji huiongoza pamoja. Masharti yake niliyapenda tangu mwanzo: viongozi wawili, mmoja wa chuo na mmoja wa kijiji, wenye kauli sawa, na wote wafike mbele ya kamati. Mama Nyangeta na wenzake walitaka chemchemi yao izungushiwe uzio, ng'ombe wajengewe birika lao pembeni, maana watu na mifugo wanategemea dimbwi moja. Kamati ilikuwa inakaa kesho yake.

Hadi Butiama safari ilikuwa njema. Kutoka hapo bodaboda ilinipitisha kati ya mashamba ya mihogo, na dereva akanitania kwamba walimu wa chuo hukaa kwenye pikipiki kama wamebeba mayai. Tulipokaribia kwa Mama Nyangeta tukaona turubai na watu wameketi chini. Dereva akazima pikipiki, akaisukuma kwa mikono mpaka uani.

Mumewe alikuwa amezikwa jana yake.

Nilimkuta ndani, mkekani, kichwa kimefungwa kitambaa. Kwao mjane havuki boma mpaka matanga yaanuliwe. Mila hiyo naijua na ninaiheshimu, ila hasira ilinipanda, na sikujua nimkasirikie nani.

Nilipotoka nje, shemeji yake, Mzee Magesa, alinisogelea.

"Mwalimu, mimi nitakwenda badala yake. Sisi si ni nyumba moja?"

Niliona njia imepatikana. Nikarudi ndani kumweleza mfiwa.

"Shemeji ndiye mwenye ng'ombe wengi pale," akasema taratibu. "Tukienda kuchota, alikuwaga anatufukuza mpaka ng'ombe wake wamalize. Ukimpeleka huyo, uzio utageuka zizi lake."

"Lakini mama, usipofika tutakosa."

"Nenda uwaambie nimefiwa. Usiweke mtu mahali pangu."

Asubuhi Musoma kulikuwa na upepo mkali wa ziwa. Kamati ilinisikiliza kwa heshima, ikatoa pole. Kisha mwenyekiti akauliza kama kijiji hakina mtu mwingine. Nikasema yupo aliyejitolea, ila kina mama hawakumchagua. Akauliza tena kama chuo kingeweza kuongoza peke yake kwa muda.

Niliwafikiria wale wanawake na ndoo zao, wakisubiri ng'ombe washibe maji. Jibu langu la ndiyo lingewapatia birika. Lakini ningekuwa nimefanya kama Mzee Magesa: mimi kwanza, wao baadaye. Nikajibu kwamba sina ruhusa ya kumwondoa mwenzangu akiwa msibani. Ruzuku ikaenda kwa wengine.

Sikuwa na uso wa kurudi Bunda moja kwa moja, nikapitia Buswahili kumpa Mama Nyangeta habari. Nilimweleza yote. Hakulia, wala hakunilaumu.

"Walikuambia uongoze peke yako?"

"Waliniambia."

"Ukakataa."

"Nilikataa, mama."

Akamwomba jirani aliyekuwa naye alete maji ya mgeni. Yalikuwa ya chemchemi ile, yametulizwa kwenye ndoo, na bado yana rangi ya udongo.

"Ndiyo tunayokunywaga," akasema. "Matanga yakiisha tutaomba tena, wewe na mimi. Ila ujue unaombea nini."

Nilikuwa nimetoka Musoma nikijiona nimesimamia haki, na bado naamini nilifanya sawa. Nilichojifunza mkekani pale ni kwamba kukataa kulikuwa kwangu, lakini kusubiri ni kwao. Nikapokea kikombe kwa mikono miwili, nikanywa mpaka chini.