Mwinyimvua Ataka Jina Ukutani

Mdogo wangu Mwinyimvua hakumaliza darasa la saba, na simsemi kwa hilo, maana mimi mwenyewe nilitolewa la nne nikaolewe. Ninachomsema ni kwamba ameshaota mvi, ana duka la vifaa vya ujenzi Kerege, ana nyumba nzuri na mke mwenye adabu, na bado roho yake haitulii mpaka maprofesa walijue jina lake.

Ugonjwa huu aliupata dukani. Siku hizi Mapinga, jirani na Kerege, imejaa watu wa mjini walionunua viwanja, na miongoni mwao wamo walimu wa chuo kikuu. Wakija kununua saruji humwita "we mzee wa nondo". Mmoja wao alijenga ghorofa kwa bidhaa za duka lile, kuanzia msingi hadi bati, na siku ya kuhamia akaalika mtaa mzima isipokuwa yule aliyemuuzia nyumba yenyewe vipande vipande. Mtu mwenye akili angecheka, akapandisha bei ya misumari. Mdogo wangu yeye aliapa kwamba atatafuta ukuta katika chuo hichohicho, uandikwe jina lake, na maprofesa wawe wanapita chini yake kila asubuhi. Chuo chenyewe sikitaji, kisije kikaniomba mchango na mimi.

Huko chuoni alimkuta Feisal, afisa wa ofisi ya wafadhili, mwenye suti ya buluu na maneno matamu kuliko mshenga. Feisal akaja mpaka Kerege kumtembelea. Siku hiyo nilikuwapo dukani, nimepeleka makuti yangu ya kuuza, nikaketi pembeni kusikiliza.

"Mzee wetu," alisema Feisal, "wafadhili wetu ni wa namna tatu. Wapo wakubwa, makampuni na matajiri, hao majengo yetu hubeba majina yao. Wapo wadogo, wanaotuma chochote kwa simu, nao tunawashukuru kwa ujumbe. Wewe uko katikati. Watu wa daraja lako tunawaita Nguzo za Chuo."

Mwinyimvua akakaa vizuri kitini. Nguzo! Mtu aliyeuza nondo maisha yake yote alipaswa kujua kwamba nguzo hupigwa lipu na kupakwa rangi, na anayesifiwa ni mwenye nyumba.

"Na sisi nguzo tunasaidiaje?" aliuliza.

"Njia ni nyingi, mzee. Unaweza kumlipia ada mwanafunzi mmoja hadi amalize. Kila mwaka anakuandikia barua ya shukrani."

"Barua nitaitundika wapi?"

"Unaweza kuwapokea wanafunzi wa ujenzi hapa dukani, wajifunze kazi wakati wa likizo."

"Wanywe chai yangu, halafu waniite mzee wa nondo kama walimu wao!"

"Basi vitabu vya maktaba. Jina lako tunaliandika ndani ya jalada."

"Na kitabu kikifungwa?"

Feisal akakohoa kidogo. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wapo wafadhili wa kati wanaotoa shamba au kiwanja. Chuo hukiuza, na mtoaji hupewa ukumbi mdogo wa semina, jina lake juu ya mlango, kwa herufi za shaba. Niliyaona macho ya mdogo wangu. Hata siku ya harusi yake hayakung'aa vile.

"Ninacho kiwanja Mapinga," alisema.

Kiwanja! Hicho anachokiita kiwanja ndipo ninapolala mimi. Marehemu baba yetu alikinunua kwa jina la mwanawe wa kiume, kwa kuwa mimi nilikuwa kwa mume na ilidhaniwa nimefika. Mume aliponiacha nilirudi na sanduku moja, na Mwinyimvua, nisimnyime haki yake, aliniambia, "Dada, kaa, jenga, panda." Nikajenga kijumba. Nikapanda minazi, mmoja mmoja, nikaimwagilia kwa ndoo mpaka ikanipita kimo. Nazi zake ndizo zinazoninunulia unga, na makuti yake nayasuka nikayauza kwa wenye mabanda ya starehe ufukweni. Kiwanja kile kikiuzwa, mimi naondoka na sanduku lilelile, na safari hii sina pa kurudi.

Nilimwambia palepale. "Mwinyimvua, na mimi utaniweka wapi?"

"Usiwe na wasiwasi, dada. Utakuja kukaa kwangu. Kuna chumba cha uani."

Chumba cha uani ndicho alichokuwa akihifadhia rangi na vyoo vya kukaa. Feisal akatabasamu, akaniambia, "Kutoa ni moyo, mama, si utajiri." Nikamjibu kwamba methali hiyo naijua tangu hajazaliwa, ila sijapata kusikia mtu atoe kwa moyo wake paa la dada yake.

Hawakunisikiliza. Mwinyimvua alishautangazia msikiti mzima habari za ukumbi wake. Alishashona kanzu mpya ya siku ya uzinduzi. Alimuuliza Feisal kama mfadhili wa kati anaruhusiwa kuvaa joho, akaambiwa hapana, akauliza kama anaruhusiwa kofia peke yake.

Wakaja Mapinga kukiona kiwanja. Feisal alizunguka na viatu vyake vya kung'aa, akasifu barabara kuwa karibu, akasifu upepo, akasema watu wa mjini watakigombania. Mimi nilikuwa kibarazani nasuka, sikuinua uso. Jua lilikuwa kali. Feisal akajifuta jasho, akatazama juu, akasema, "Mzee, hapa hatukosi dafu."

Sasa, mdogo wangu ana upungufu mwingi, lakini amelelewa. Pwani yetu ardhi ina mwenyewe na mnazi una mwenyewe. Aliyepanda ndiye mwenye mti, hata kama udongo si wake, na huwezi kuangua nazi ya mtu bila kumwomba. Miaka yote hiyo Mwinyimvua hajapata kunywa dafu pale bila idhini yangu. Basi, bila hata kufikiri, akanigeukia mbele ya mgeni wake:

"Dada, unaturuhusu tuangue madafu mawili?"

Feisal akaduwaa. "Kwani minazi ni ya nani?"

"Ya dada," alijibu Mwinyimvua, kwa haraka ya mtu mkweli. Nadhani hapo ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe.

Niliwaruhusu madafu. Nilimwita hata mkwezi. Mgeni ni mgeni, na nilitaka wanywe vizuri wakati wakielezana jambo hilo. Feisal akasema wanasheria wa chuo hawawezi kupokea ardhi yenye mali ya mtu mwingine juu yake. Ingebidi mimi niikabidhi minazi kwa hiari yangu, mbele ya mashahidi. Akanigeukia kwa sauti mpya, laini kuliko ya kwanza. "Mama Mwaija, na wewe ungekuwa mfadhili wetu. Nguzo kabisa!"

"Nguzo tupu itanikinga vipi, mwanangu, mvua ikinyesha?" nilimwambia. "Minazi sitoi."

Yaliyofuata yananikera mpaka leo. Mwinyimvua alikuja akaniambia ninamwaibisha. Akawatuma wazee wa msikiti wanikumbushe thawabu za elimu. Nikawauliza kama wao wameshatoa nyumba zao, wakakumbuka kwamba adhuhuri imekaribia. Mwisho akamtuma mkewe, Ashatu, na doti ya kanga. Maskini Ashatu aliketi ukingoni mwa kitanda changu akaona haya hata kuanza. Nilimwambia, "Wifi, kanga nimeipokea, ina rangi nzuri. Mwambie mumeo minazi bado imesimama."

Mwinyimvua akanuna, akaacha kunijulia hali. Kila lori lililopunguza mwendo barabarani nilidhani ameniletea watu wa kunitoa. Sitasema uongo, niliogopa. Kuna siku nililifungua lile sanduku nikaanza kukunja nguo zangu, kisha nikajiona mjinga, nikazikunjua.

Kumbe huko chuoni Feisal alikuwa hataki kumpoteza kabisa. Kwa kile ambacho Mwinyimvua alikuwa ameshachanga taslimu bila mimi kujua, cheo chake kilimstahilisha kiti. Ndiyo, kiti. Katika ukumbi wa semina uliobeba jina la kampuni fulani, kila kiti kina kibati cha jina pale mtu anapoegemea, na kibati kimoja ni cha mdogo wangu. Siku alipopata habari alikuja kwangu kwa mara ya kwanza baada ya kununa kwake, akasema, "Shikamoo, dada. Twende ukaone." Nilikwenda kwa sababu nilitaka kucheka.

Sikucheka. Tulifika ukumbi ukiwa mtupu, ila msichana mmoja aliyekuwa akijisomea, na kati ya viti vyote alikuwa amekaa kwenye kile. Mgongo wake umelifunika jina. Mwinyimvua, na kanzu yake mpya, akasimama mlangoni akisubiri ainuke. Akasubiri. Msichana akafungua ukurasa mwingine. Mtu mzima, tajiri wa Kerege, hawezi kumwambia mtoto wa watu asogee! Niliona aibu, nikamwonea huruma, na nikakasirika kwamba namwonea huruma.

Nikamwendea yule msichana mwenyewe. "Mwanangu, tunaomba tukione kiti hicho."

Akasimama kwa adabu, akatuamkia, akageuka kusoma kibati kana kwamba hajawahi kukiona. Pengine hakuwahi. Akasoma jina lote, kisha akatugeukia kwa uso wa msiba.

"Poleni sana," alisema. "Alifariki lini?"

Mimi ndiye niliyejibu kwamba bado, yu hai, tunamshukuru Mungu. Msichana akababaika, akaomba radhi, akakusanya vitabu vyake akaondoka. Kiti kikabaki wazi mbele yetu, jina lake likisomeka vizuri, na mdogo wangu hakukisogelea.

Njiani tulipita maduka ya nondo, hata hakuyageukia. Kisha akaniuliza, akitazama barabara, "Dada, nikifa mtanizika wapi?"

"Au ulitaka tukuzike chini ya kiti?" nilimuuliza. Lakini nilipomtazama, kejeli ikaniishia. Nikamwambia kweli, ambayo sikuwahi kumwambia yeye wala mtu mwingine. Kwamba katika kiwanja kile, upande wa nyuma ya kijumba changu, kuna kona ambayo tangu mwanzo sikuipanda mnazi wowote. Nimeacha nafasi ya watu wawili.

Tulipofika Mapinga alishuka yeye kwanza, akazunguka akanifungulia mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu anunue gari lile.