Kifurushi cha Masikio

Binti yangu alininunulia runinga wiki ileile aliyohamia Makongolosi, kumfuata mumewe aliyepata kazi mgodini. Majirani walishangaa. Mimi sioni tangu utotoni, surua ilinimaliza macho kabla sijaanza shule. Kioo kikubwa vile cha nini? Binti aliwajibu tu kwamba hataki mama yake aishi kwenye nyumba iliyonyamaza.

Alinijua. Kwa miaka mingi nilikuwa opereta wa simu katika ofisi moja hapa Mbeya. Kutwa nzima watu walipita masikioni mwangu, wenye haraka, wenye mafua, wenye kulia. Zilipoletwa mashine zinazounganisha simu zenyewe, nilistaafishwa, na sauti zote zikaondoka kwa mkupuo mmoja. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Nikabaki na binti, na sasa naye anaondoka.

Runinga niliipenda kwa sababu ya tamthilia. Ilikuwa ya nchi za mbali, imewekewa sauti za Kiswahili, na akina mama wa kwaya walikuwa wakiijadili kila baada ya ibada. Kabla ya hapo nilisimama kati yao kama mtu aliyekuja msibani bila kumjua marehemu. Sasa nami nilikuwa na la kusema.

Shida ilikuwa pale wahusika wanaponyamaza. Muziki unapanda, mlango unabamizwa, mtu analia. Nani? Ndipo nikaanza kumpigia rafiki yangu wa Kalenga. Tulilala bweni moja shuleni, shule ya wasioona, na yeye pia haoni. Runinga hana uwezo nayo. Jioni niliweka simu jirani na spika tukasikiliza wote, yeye Iringa, mimi Mbeya.

"Kamwene, dada," alikuwa akinisalimia kwa Kihehe chetu. "Wameshaanza?"

Muziki ukipanda, tunabishana.

"Huyo aliyeanguka ni mama mkwe," nasema.

"Mama mkwe gani? Yule ni mzito, sauti yake tu inakwambia. Huyu kaanguka kama sahani."

Siku moja king'amuzi kilijibadilisha chenyewe. Nilikuwa nimeikariri rimoti kama sala: chini, chini, kulia, OK. Nikabonyeza vilevile, nikaangukia kwa watu wanaoongea lugha nisiyoijua. Nikarudia, kimya. Kumbe kwenye kioo kulikuwa na maandishi yanayoeleza kila kitu, ila maandishi hayana mlio. Jirani yangu alikuwa amesafiri kwenda kwao Tukuyu. Siku zikapita nawasha na kuzima, nikidhani kesho kitatengamaa, na simu ya Kalenga sikuipiga, maana sikuwa na cha kumsikilizisha.

Mwisho nilikitia king'amuzi kwenye kikapu nikaenda kwa wakala, Mwanjelwa.

"Karibu mama. Kina tatizo gani?" Sauti ya kijana, mpole.

"Kimebadilisha njia. Siipati tamthilia yangu."

Akasita. Nilijua ananitazama macho. "Samahani mama, kwani huwa unaangalia?"

"Naangalia."

"Si bora redio? Haina gharama, wala haikusumbui."

"Redio ninayo. Wenzangu kanisani hawaongelei redio."

Nikamuuliza kama kuna king'amuzi kinachosoma maandishi kwa sauti. Akasema kipo cha aina nyingine, bei yake imechangamka, kinataka intaneti, na kinaongea Kiingereza tu.

"Basi nipe kifurushi cha nusu," nikamwambia. "Picha mbaki nazo."

Alicheka, lakini hakunicheka mimi. "Kifurushi cha masikio hawajatuletea, mama."

Akakirekebisha ili kila kikiwashwa kifungukie kwenye tamthilia. "Rimoti usiiguse kabisa," akanionya. Nikarudi nyumbani nikiwa na chaneli moja, na malipo ya chaneli zote.

Jioni ile nikapiga Kalenga.

"Nilidhani umenichoka," rafiki yangu akasema. "Kila jioni nilikuwa nakaa na simu mapajani."

Nikamweleza yote. Akauliza kama yule nesi wa kwenye tamthilia ameshaolewa. Nikamwambia sijui, sehemu hizo zimetupita sote.

Baadaye chama chetu cha wasioona kilialika mgeni kutoka kwenye moja ya makampuni ya ving'amuzi. Nilisimama nikasema: tunataka king'amuzi kinachoongea Kiswahili, tunataka sauti ya kutueleza kinachotendeka watu wakinyamaza, na tunataka bei ya mtu asiyetumia picha. Mgeni akashukuru, akasema wamelichukua, akamalizia soda yake. Mpaka leo tunasubiri.

Mwezi wa sita mtoto wa rafiki yangu alikwenda Kalenga akamchukua kwenda kuishi naye Mgololo, anakofanya kazi kiwanda cha karatasi. Nilimfurahia. Nyumba ina watu, runinga kubwa, chaneli zote. Alipopata nafasi ya kupiga, nikamuuliza, "Sasa si unaangalia vizuri?"

"Tuko wengi hapa," akasema kwa sauti ya chini. "Wanacheka wote kwa mara moja. Nikiuliza kuna nini, wananiambia subiri bibi. Kipindi kikiisha, wanasahau kuniambia."

"Nikuwekee simu kwenye spika kama zamani?"

"Hapa kelele, dada. Sitakusikia."

Nyuma yake kicheko kikalipuka tena. Akakisikiliza, nami nikakisikiliza, halafu tukaagana.

Nilikaa na simu mkononi hadi ikapoa. Baridi ya Mbeya mwezi huo haina huruma. Nikajifunga kitenge cha pili, nikasogeza kiti karibu na runinga, nikaongeza sauti.