Breki Iliyopewa Likizo

Madereva wa malori walimwita Mama Rudi, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kila gari alilolikataa, na aliyakataa mengi, alilimalizia kwa maneno yaleyale: "Katengeneze, halafu urudi." Pale kituo cha ukaguzi walimsengenya akiwa hayupo, na akiwepo walimsema waziwazi. Dereva mmoja alimtungia wimbo wa matusi, akawa anauimba kila akisubiri zamu yake kwenye foleni.

Yeye naye usimwonee huruma. Alikuwa na mdomo. Tajiri mmoja mwenye msururu wa malori aliwahi kuambiwa na yeye, mbele ya madereva wake mwenyewe, kwamba magari yake yanafaa kufugia kuku, na kwamba hata hao kuku wangelalamika. Watu walicheka wakashika mbavu, kisha wakaendelea kumchukia palepale walipoachia.

Asubuhi alivaa ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, akajifunga kitambaa kichwani, akachukua nyundo yake ndogo na tochi. Aligonga nati za magurudumu moja baada ya nyingine huku ameinamisha sikio, maana iliyolegea huitika tofauti na iliyokaza. Akaingia chini ya gari, akatoka na vumbi kwenye kope. Lakini walichokiogopa zaidi ni mkono wake. Alimwambia dereva azunguke uwanja, akimbie, apige breki, akimbie tena, apige tena. Lori likisimama, aliinama gurudumu kwa gurudumu akasogeza mgongo wa mkono kwenye dramu, lile bakuli zito la chuma ambamo breki hukamatia. Breki inayofanya kazi huipasha dramu yake moto. Isiyofanya kazi huiacha baridi. Hakuna uganga mwingine zaidi ya huo.

Na za baridi hazikukosekana, kwa sababu ya ujanja mmoja ambao ni watu wa malori tu wangeweza kuubuni. Breki za lori hutumia upepo. Chemba ya gurudumu moja, kile kikopo kinachopokea upepo na kusukuma breki, ikitoboka, upepo unavuja na gari zima linagoma. Basi badala ya kununua chemba nyingine, mtu anaukunja mpira unaopeleka upepo kwenye gurudumu lile, anaufunga kwa kipande cha tyubu, uvujaji unakwisha na safari inaendelea. Wenyewe husema wameipa breki likizo. Ukitazama geji, upepo umejaa. Ukisikiliza, kimya. Gari linaonekana zima kabisa, mpaka siku limebeba mzigo na barabara imeanza kushuka.

Ndiyo maana alikuwa na jambo jingine ambalo wakaguzi wenzake hawakulifanya. Nyuma ya kituo kulikuwa na mteremko wa lami, mrefu, wenye mstari mweupe karibu na mwisho na ukuta mbele ya mstari. Lori lenye mzigo lilishushwa pale na kutakiwa lisimame kabla ya mstari. Wakaguzi wengine walisimama pembeni wakatazama. Mama Rudi alipanda. Alikaa kiti cha pili, karibu na dereva, akashuka naye. Hata waliomchukia walilikubali hilo, ingawa kwa shingo upande.

Sasa, alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitindamimba wa nyumba yao, na mdogo wake alikuwa na lori.

Lori lenyewe lilitokana na shamba la marehemu baba. Mama yao aliliuza shamba hilo bila kumwuliza binti yake mkubwa hata kwa adabu tu, akamnunulia mwanawe gari. Mbele ya kabini mdogo mtu alichoresha maneno kwa rangi nyekundu: WIVU WA NINI. Mama Rudi alijua vizuri kabisa nani anaulizwa. Tena mama aliishi kwake, katika chumba cha mbele, akila kwake na kuugua kwake, huku sifa zote zikienda kwa mwenye lori.

Alilichukia lile lori. Tuseme ukweli, alilichukia tangu siku lilipoingia uani kwake na kuvunja kona ya ukuta, na mama akasema ukuta ndio ulijengwa vibaya. Alhamisi lilipoingia kituoni, alitamani liwe bovu. Na lilikuwa bovu. Dramu ya nyuma upande wa kushoto ilikuwa baridi kabisa wakati nyingine zinaunguza. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba mkono wake ulikuwa mkweli lakini moyo wake asingeweza kuuapia.

"Dada," mdogo wake alisema kwa sauti ya chini, "nimepata kazi ya kupeleka saruji kule juu kwenye ujenzi wa bwawa. Wanataka stika ya ukaguzi kufikia Jumatatu. Nimekuja kwenye foleni yako kwa sababu ni wewe."

"Umekosea foleni. Hapa sina ndugu, nina magurudumu."

"Breki moja tu, dada."

"Kule bwawani barabara ni kona na makorongo. Ukishuka na breki ya upande mmoja, lori litakuvuta, na hutaliuliza linakupeleka wapi. Katengeneze, halafu urudi."

Foleni nzima ilisikia. Yule mwimbaji wa matusi alipiga makofi. "Kumbe hata damu yake anaila!" alisema, na watu wakaguna kwa chuki na starehe.

Jioni mama alikuwa amehamisha jiko dogo la mafuta ya taa chumbani kwake, anajipikia.

"Mama, chakula kipo."

"Sili cha mtu anayemwaibisha mwanangu mbele za watu."

"Nimelikataa lori, mama. Sikumkataa mtu."

"Lori lile ndilo jasho la baba yenu. Wewe una kijicho tangu utoto. Alipozaliwa ulikataa hata kumbeba."

"Nilikuwa mdogo, mama."

"Na sasa je?"

Hilo lilimkata maini. Alijibu vibaya, akasema kama mama anataka kumzika mwanawe ni juu yake. Mama alifunga mlango, na kuanzia hapo nyumba ikawa ya watu wasiosalimiana. Jumapili mama alisema anakwenda kwa basi kumwona mama mdogo aliyekuwa mgonjwa huko milimani, akaondoka na binti wa mwisho wa Mama Rudi, mtoto wa darasa la pili. Walirudi jioni. Mtoto alikuwa na furaha isiyo na maelezo. Alipoulizwa safari ilikuwaje, alimtazama kwanza bibi yake, ndipo akasema nzuri.

Jumatatu lori lilirudi, limeshapakiwa mifuko ya saruji hadi juu, kama vile stika ilikuwa tayari kiooni. Safari hii mama mwenyewe alikuja, amevaa nguo zake za kutokea, mkoba mapajani, akakaa kwenye benchi la getini ili amwone binti yake vizuri.

Mama Rudi aliweka mkono kwenye dramu ya nyuma ya kushoto. Ilikuwa moto. Alizunguka upande wa kulia, ambao Alhamisi ulikuwa mzima, akaweka mkono. Baridi. Alibaki ameinama pale, akacheka peke yake kicheko kisicho na raha. Mdogo wake alikuwa ameifungua chemba nzima ya kulia akaifunga kushoto. Alitibu kidonda kwa kukihamisha mguu.

"Nani alikufundisha huu upumbavu?" alimwuliza.

"Ulisema kushoto, nimetengeneza kushoto."

"Baba angekuwepo angekuchapa hapahapa na uzee wako."

"Usimtaje baba! Sema tu hutaki niinuke. Unataka mama akuone wewe peke yako una maana."

Mkuu wa kituo alitoka ofisini amekunja uso. Simu za kulalamika zilikuwa zimemchosha, nyingi zikimhusu mwanamke huyuhuyu, na sasa hata mama yake mzazi alikuwa amefika kushtaki.

"Kama haya ni mambo ya nyumbani, myamalize nyumbani," alisema. "Lipelekwe mteremkoni na mzigo wake. Likisimama kabla ya mstari, nasaini mimi. Panda tumalize."

"Sipandi," alisema Mama Rudi.

Hata yule mwimbaji aligeuka kumtazama. Kwa miaka yote waliyomjua, hakuna lori alilokataa kulipanda. Alikuwa ameshuka na malori yaliyotoa moshi, yaliyopiga kelele za vyuma, na moja ambalo mlango wake ulishikiliwa kwa kamba.

Mama aliinuka kwenye benchi. "Mmemsikia? Hapandi kwa sababu anajua litasimama. Anaogopa kuaibika." Akapita katikati ya watu na mkoba wake. "Basi nitapanda mimi. Mwanangu, washa gari."

"Mama, subiri kwanza," alisema kijana.

"Nisubiri nini? Washa!"

Mama Rudi alimshika mkono. Mama aliung'oa, akampiga kwa mkoba begani, pigo la mtu mzima kwa mtu mzima, na watu wengine walicheka. Magoti yalimsumbua, lakini alipanda ngazi ya kabini akihema, akakaa kwenye kiti cha pili na kuvuta mlango. Mkuu wa kituo alifungua mdomo, kisha akaona aibu kumshusha mama wa watu kwa nguvu.

Lori lilisogezwa hadi kichwa cha mteremko, likavutwa hendibreki. Mama Rudi alisimama kando ya gurudumu la mbele, mguu wake ukiwa juu ya kabari ya mti, tayari kuisukuma chini ya tairi likitikisika tu. Alijua mzigo ule ungeweza kuiruka kabari. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na katikati ya hofu ile bado alikuwa na hasira na mama yake. Alimtazama mdogo wake usoni kupitia kioo.

"Haya," alisema. "Endesha."

Mkono wa kijana ulikwenda kwenye hendibreki. Ukakaa hapo. Mama alikuwa ameketi wima, ametazama mbele kwa fahari, mkoba mapajani. Injini ilinguruma. Madereva wa foleni walikuwa wamesogea wote, maana kila mmoja wao alijua ni kitu gani kinaamuliwa mle ndani.

Kijana alizima injini.

"Mama, shuka."

"Nishuke kwa nini? Endesha."

"Shuka tu, mama. Nakuomba."

"Gari zima au bovu?"

Aliweka paji la uso juu ya usukani.

Mama alishuka polepole. Binti yake alimnyoshea mkono, naye akauacha hewani, akashika chuma cha mlango. Alipofika chini alikung'uta nguo yake. "Lipi?" aliuliza, bila kumtazama.

Mama Rudi alimpeleka nyuma, upande wa kushoto kwanza. Mama alipeleka kiganja kwenye chuma, akakirudisha haraka na kukipuliza. Wakazunguka upande wa kulia. Pale alikiweka kiganja na kukiacha, kama mtu anayepima homa ya mtoto, na hakukiondoa kwa muda mrefu. Halafu alirudi hadi kwenye mlango wa dereva.

"Jumapili," alimwambia mwanawe, "tulipotoka kwa mama yako mdogo, uliushuka ule mlima wote unapiga mluzi. Ilikuwa baridi hivihivi?"

Kijana hakuinua kichwa.

"Jumapili mlikwenda na basi," alisema Mama Rudi.

Mama hakumgeukia. Sauti ilimtoka ndogo. "Nilitaka siku moja nikwambie tulipanda na hatukufa. Mtoto nilimpakata. Nilimkataza asikuambie."

Mama Rudi alimwona tena akilini binti yake anavyorukaruka Jumapili jioni, akimtazama bibi kabla ya kujibu. Kijicho, shamba, ukuta uliovunjwa, yote yalimtoka, ikabaki ghadhabu tupu, safi, na hii angeweza kuiapia. Alipanda kwenye kabini upande ule mama alioshukia, akaunyosha mkono mbele ya kifua cha mdogo wake na kuchomoa ufunguo.

"Dada, nitanunua chemba mpya. Leo leo. Wiki iliyopita liliniyumbisha kidogo tu, nikadhani... Dada, Jumapili hatukuwa na mzigo, nilikwenda polepole..."

"Ulikuwa unapiga mluzi," alisema mama kutoka chini.

Mama Rudi aliteremka, akautia ufunguo mfukoni mwa ovaroli, akafunga zipu. Kijana aliteremka naye akimfuata, madereva wakampisha. Wote walikuwa wakimtazama mdomo, mkuu wa kituo pia, wakingoja lile neno lake walilolizoea, ili kila mtu ajue lori litengenezwe nini na lije lini.

Alimshika mama yake mkono wa kiganja kilichoungua. Safari hii mama hakuung'oa. Wakaondoka kuelekea kwenye bomba la maji, na Mama Rudi hakumwambia mdogo wake arudi.