Linki za Kitalu cha Mama

Chuoni tuliambiwa kwamba ukurasa wa mtandaoni hupanda juu kwenye matokeo ya utafutaji kadiri kurasa nyingine zinavyowaelekeza watu kwake. Nilipomtengenezea mama ukurasa wa kitalu chake cha miche ya parachichi hapa Njombe, nikafuata mtindo wa zamani: nikaacha linki popote palipokubali, nikabadilishana na yeyote. Mwanzoni ilisaidia. Watu walipiga simu hadi kutoka Mbeya.

Kosa langu ni kumweleza mama. Anayekuwekea linki, nilisema, nawe humwekea. Alielewa kupita kiasi. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, basi kila Jumapili baada ya ibada alinitajia wengine: fundi wa majeneza wa Makambako, muuza vipuri vya pikipiki, kwaya mbili. Nikaweka, nikinung'unika.

Kisha mitambo ya kutafutia ikabadilika. Ikaanza kuhoji kwa nini muuza vipuri asifie parachichi, swali ambalo mimi ninayejifanya kuhoji kila kitu sikuwahi kujiuliza. Ukurasa ukazama. Simu zikanyamaza, mvua zikiwa zimeanza, na mizizi ya miche ikitoboa viriba vyake vya nailoni. Mche uliopitiliza hauna mnunuzi.

Nikamwambia mama tuziondoe linki zote.

"Hata ya fundi?"

"Hasa ya fundi."

"Jeneza la baba yako alilileta mwenyewe hadi mlangoni. Nenda wewe msomi, kamwambie mashine haimtaki."

Nikaenda Makambako nimekasirika. Jana wataalamu wa mtandao walitutaka tuombe linki, baadaye watu wakazinunua, leo eti zije zenyewe kutoka kwa mtu mwenye sababu ya kukutaja. Nani ana muda huo?

Fundi alinisikiliza huku akipiga randa. Akauliza kama mashine ingeridhika akisema anaijua miche ya mama, maana amepanda kumi na miwili nyuma ya karakana na yote ilivuka baridi ya Julai. Nilikuwa sijawahi kumuuliza. Akaandika hivyo kwenye ukurasa wake, kando ya linki yetu, akaweka na picha.

Nikafuta linki nyingine zote, nikaacha yake. Wiki ile simu ililia mara moja tu: mtu aliyefuata linki kutoka ukurasa wa fundi, akitafuta jeneza. Mama alimpa pole, akamtajia namba ya fundi, kisha akamuuliza taratibu kama ana shamba. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kitaluni, nahamishia miche kwenye viriba vikubwa.