Pakiti Tatu za Pankeki na Vidole Vitatu vya Jua

“Mama Esta, jua limebaki vidole vitatu!”

“Basi acha kulipima, lishike lisiende!”

Mzee Eliakimu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mkono ameunyoosha kuelekea tambarare ya Umasaini, vidole amevilaza juu ya ukingo wa dunia kama fundi anayepima kitambaa cha suruali. Kidole kimoja ni robo saa. Wazee wa Suji, huku milimani Upare, hawakuhitaji saa siku ya Ijumaa. Walikuwa na mikono. Jua likizama Sabato imeingia, na Sabato ikiingia moto unazimwa, na chochote kitakacholiwa Jumamosi kiwe kimeshapikwa na kufunikwa. Eliakimu hakuwa muumini wa kukaa nyuma karibu na mlango. Alikuwa mzee wa kanisa, tena alikaa baraza la kata miaka kumi na miwili akiamua mipaka ya mashamba. Watu husema Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Eliakimu angeuza na zizi.

Asnath mkewe alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, unga umempanda mpaka kwenye nyusi. Mbele yake zilisimama pakiti tatu za unga wa pankeki, zimepangwa mstari kama washtakiwa.

“Chemsha makande tulale kwa amani,” Eliakimu akasema. “Makande hayajawahi kumdanganya mtu.”

“Makande ndiyo yaliyomfukuza mjukuu wangu!”

“Makande hayana miguu, Mama Esta. Hayawezi kumfukuza mtu.”

“Na wewe una miguu, lakini hujasogea hapo mlangoni tangu saa tisa. Unaniziba mwanga!”

Waliitana hivyo hivyo, Mama Esta na Baba Esta, ingawa Esta mwenyewe alikuwa chini ya migomba mwaka wa tatu sasa. Asnath alizaa mara moja tu maishani, na huyo mmoja akamzika. Homa ya siku nne. Esta alikuwa ameolewa na Paschal, kijana wa Tabora aliyekuja kukata mkonge huko chini tambarare, na baada ya msiba Paschal akahamia Morogoro, akaoa tena, akaenda na mtoto. Mtoto ndiye Redempta. Ana miaka saba. Ana paji la uso la Esta, masikio ya Esta, na ule mtindo wa Esta wa kusimama kwa mguu mmoja akifikiri, kama korongo. Asnath hakuwa na damu nyingine ya tumbo lake juu ya ardhi.

Mwaka jana Redempta aliletwa mlimani likizo ya Desemba. Hakula. Makande aliyatazama kama mtu anayetazama changarawe. Mkate aliutafuna mpaka ukawa mpira, akautema kwa adabu kwenye kiganja. Hakuomba kitu hata kimoja, na hilo ndilo lililomuumiza Asnath kuliko lote, maana mtoto asiyeomba ni mgeni. Siku ya kumi Paschal alikuja, akamkuta amebaki shingo na macho, akamwinua, akaondoka naye.

Jumatatu ya wiki hii akapiga simu. “Mama, shikamoo. Ijumaa jioni namleta. Akila, namwacha kwenu mpaka shule zifunguliwe. Asipokula kama mwaka jana, Jumapili asubuhi narudi naye, na tusisumbuane tena.”

“Huko kwako anakula nini, baba?”

“Asubuhi anakula pankeki. Zile za unga wa pakiti. Mwenzangu anampikia. Bila hizo mdomo haufunguki.”

Jumanne, kabla jogoo hajakohoa, Asnath alijitwika kikapu cha tangawizi akashuka mlima mpaka Same. Shule hakuiona hata kupitia dirishani, kwa sababu enzi zake alikuwa na mdogo wake wa kumbeba mgongoni na mbuzi wa kufukuza, na mdogo alipopata akili za kutembea, mbuzi walikuwa wameongezeka. Basi katika duka la Muhidin, mbele ya rafu ndefu kama treni, alichagua kwa macho. Pakiti ya kwanza ilikuwa na picha ya mwanamke anayecheka; akaiita Mama Mcheko. Ya pili ilikuwa na pankeki zilizopandana mpaka juu, asali inamwagika, akaiita Mnara. Ya tatu haikuwa na picha yoyote, maandishi tu kwenye karatasi ya kaki, na bei yake ya chini. Hiyo akaiita Bubu.

“Mama, chukua moja tu, zote ni unga,” Muhidin akamwambia.

“Wewe ulioa wa kwanza uliyemwona?”

Muhidin akafunga pakiti tatu.

Jumatano jioni alipika Mama Mcheko, maana pankeki ya Sabato lazima ilale, na lazima iamke ikiwa bado chakula. Akaziweka ndani ya kikapu, akafunika kwa kitambaa. Alhamisi alfajiri zilikuwa zimekauka kama soli za kandambili. Jogoo wao alidonoa moja mdomo ukapinda, na tangu siku hiyo anawika kwa upande. Akikusudia kuwaamsha watu wa Suji, wanaamka watu wa Vudee. Anayebisha akawaulize Vudee kwa nini siku hizi wanawahi shambani.

Alhamisi jioni alipika Mnara, akazifungia kwenye hotipoti waliyozawadiwa siku ya harusi ya Esta. Ijumaa alfajiri alipofungua kifuniko, mvuke uliruka kwanza, halafu kikaonekana kitu kilicholala chini kama uji uliojisahau. Eliakimu alionja kwa ncha ya ulimi, kisha akaandika kwenye daftari, kama alivyoandika kila kitu tangu Jumatano.

Sasa ilikuwa Ijumaa yenyewe. Paschal alikuwa ameshashuka basi Makanya, alipiga simu saa kumi, anatafuta bodaboda ya kupanda mlima. Na Bubu haikuwa imejaribiwa.

“Vidole viwili na nusu,” Eliakimu akatangaza. “Baraza limesikia ushahidi. Wawili wameshindwa, wa tatu hana usiku wa kulala tumwone. Hukumu ni makande.”

“Soma hayo uliyoandika.”

“Nimekuambia hukumu.”

“Soma, Baba Esta! Wewe ndiye mwenye macho ya karatasi. Soma, au nitalia, na nikilia leo sitanyamaza mpaka Pasaka.”

Eliakimu alimjua mkewe. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya baraza. “Kielelezo cha kwanza, Mama Mcheko, kililazwa kikapuni. Kimeamka kigumu. Kielelezo cha pili, Mnara, kililazwa kwenye hotipoti. Kimeamka majimaji.”

“Soma tena hapo pa kulazwa.”

Akasoma tena. Katikati ya mstari akakwama. Akavua miwani.

Asnath alikuwa ameketi chini kabisa, kwenye majivu. “Kikapu,” alisema polepole. “Na hotipoti. Baba Esta, siku mbili tumeshtaki unga, kumbe wenye kosa ni vyombo. Kikapu kimekausha, hotipoti imelowesha. Mama Mcheko wa watu hana hatia! Na Mnara naye!”

“Ushahidi umeharibika,” Eliakimu akanong'ona. Katika miaka kumi na miwili ya baraza hakuwahi kusema maneno hayo kuhusu kesi yake mwenyewe.

“Siku mbili! Ningekuwa nimeshajua ipi. Ningekuwa nimeshapika, nimeoga, nimekaa mlangoni namngoja.” Akajipiga paja, unga ukapaa. “Nina nini kichwani mimi? Esta alikuwa analaza chakula cha Sabato kwenye nini? Kwenye nini, Baba Esta?”

“Jani la mgomba. Alilibabua kwanza motoni.”

“Na kilikuwa kinakauka?”

“Hakikuwa kinakauka.”

“Na kulowa?”

Eliakimu alikuwa ameshatoka. Alirudi na jani refu kuliko yeye, analiburuta kama mkia wa mamba, na hakusema jua limebaki vidole vingapi.

Asnath akachota kijiko kimoja cha kila unga, akakoroga kwenye vikombe vitatu, akadondosha matone matatu juu ya kikaango kimoja, moto mmoja, mafuta yale yale. Haya ndiyo aliyopaswa kufanya Jumatano. Mama Mcheko alinukia vizuri kama duka la manukato, lakini utamu wake ulipanda mpaka kwenye jino bovu. Mnara ulivimba haraka, ukajaa majivuno, ukishuka kooni unaacha uchungu wa magadi. Bubu ilikuwa na ladha ya ngano tu. Asnath akabonyeza kila moja kwa dole gumba. Mama Mcheko alibaki na shimo. Mnara ulipasuka. Bubu ilibonyea, ikafikiri kidogo, ikainuka.

“Huyu,” Asnath akasema. “Bubu ndiye mwenye akili. Nisomee anatakaje.”

“Mayai mawili. Maziwa kikombe. Koroga.” Eliakimu akasogeza karatasi mbali na macho. “Acha utulie dakika kumi na tano.”

“Utulie?”

“Ndivyo ilivyoandikwa.”

“Dakika kumi na tano ni kidole kizima cha jua!”

“Vimebaki viwili, Mama Esta.”

“Na usipotulia itakuwaje?”

Ilikuwa imeandikwa pia: usipotulia, pankeki zitakuwa nzito. Asnath akakoroga, akafunika bakuli kwa sahani, akakaa. Hakuna kitu kigumu kwa mwanamke mwenye haraka kama kukaa mbele ya bakuli. Alilitazama lile bakuli kwa macho ambayo yangeweza kuchemsha ziwa Jipe na viboko wake.

“Asipokula?” akauliza.

Eliakimu alikuwa amerudi mlangoni. Mkono haukuwa umenyooka tena.

“Mwaka jana nilidhani ni makande,” Asnath akaendelea. “Sasa nakaa hapa nawaza, labda hayakuwa makande. Labda ni mimi. Labda ananiangalia ananiona nilivyouosha mwili wa mama yake pale uani. Alikuwepo, Baba Esta. Alikuwa na miaka minne, amesimama kwa mguu mmoja pale pale ulipo wewe. Sasa unga wa Muhidin utafuta hilo?”

“Unga umetulia,” Eliakimu akasema. “Kidole kimoja.”

Hapo ndipo kuni zilipowageuka. Kavu zote ziliishia kwenye Mama Mcheko na Mnara; zilizobaki ni za mgrivilea uliokatwa juzi, bado zinalia maji. Asnath akapuliza. Moshi ukatoka, si moshi wa mchezo. Ulitoka mlangoni ukashuka mlima, na inasemekana abiria wa basi moja barabara kuu walifunga madirisha wakidhani wamefika kwenye tanuri la matofali. Akapuliza tena mpaka akaona nyota kabla ya usiku. Pankeki ya kwanza ikashika kikaango, ikang'olewa vipande vipande. Akapaka mafuta, akamimina ya pili, akapuliza, akageuza. Ikatoka ya kahawia, laini, inainuka ikibonyezwa. Akalibabua jani motoni, akaikunja ndani yake.

“Moja!” akasema. “Lete bakuli. Bado nane.”

Nyumba ya jirani wimbo wa kufungua Sabato ukaanza.

Eliakimu akatazama tambarare. Pale palipokuwa na jua palikuwa na wekundu tu. Akaenda kwenye mtungi, akachota maji kwa kata, akaja akasimama juu ya mafiga.

“Mama Esta. Toa kikaango.”

“Sitoi.”

“Jua limezama.”

“Basi litaniona wapi?”

“Usicheze na siku ya Bwana. Mimi ni mzee wa kanisa. Kesho nitasimama mbele ya watu na hiyo harufu kwenye koti langu?”

“Ng'ombe wako akitumbukia shimoni siku ya Sabato, utamwacha mpaka Jumapili? Si wewe uliyelisoma hilo juzi, ukapiga na meza?”

“Ng'ombe ni ng'ombe. Hizi ni pankeki!”

“Pankeki ni kamba, Baba Esta! Ni kamba ya kumtolea ng'ombe! Nina moja tu. Moja! Mtoto ana siku mbili za kutuamua, na wewe unataka nimpe pankeki moja. Jumapili akipanda hiyo bodaboda, utazima moto gani tena humu ndani? Utampima nani kwa vidole?”

“Usinipandishie sauti.”

“Mwaga basi! Mwaga! Mwaga na mimi nikiwa hapa hapa!” Akasogeza uso wake mpaka juu ya kikaango, unga na machozi vimefanya ugali mashavuni.

Kata ilikuwa imeinama. Tone moja lilidondoka, makaa yakasema *tss*. Pankeki ya tatu ilikuwa inachemka pembezoni, bado haijageuzwa.

“Asnath,” Eliakimu akasema, na hakuwa amemwita hivyo tangu Esta azaliwe, “unafikiri mimi sitaki ale? Unafikiri mimi si—”

Kivuli kikaingia. Kwa kelele zao na wimbo wa jirani hawakusikia pikipiki ikifika. Redempta alikuwa amesimama kizingitini kwa mguu mmoja, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na nje kule Paschal anasikika akifungua mizigo.

“Shikamoo, bibi. Shikamoo, babu.” Akavuta pua. Akanyoosha kidole kuelekea kikaangoni. “Hiyo ni ya nani?”

Eliakimu alitazama kata, akatazama moto, akatazama paji la uso la Esta pale mlangoni. Kisha akainua kata mdomoni, akayanywa maji yote.