Mapichi ya Mama Nai

Jumapili iliyopita wivu uliniumbua mbele ya usharika mzima, na tangu siku hiyo nasingizia mafua.

Jirani yangu hapa Sekei, Mama Nai, ana mipichi kama mimi. Mapichi yangu yana funza. Yake yanang'aa, na kila akiyatoa sadaka, watu wanayagombea kwenye mnada wa baada ya ibada. Roho inaniuma, sifichi.

Jumamosi nikitoka sokoni nilimwona anatokea karibu na ua wetu, bomba mgongoni, ananuka dawa ya wadudu. Harufu ikanifuata hadi jikoni kwangu. Nikafurahi kimoyomoyo: leo anapiga dawa, kesho anataka kutulisha!

Asubuhi nikachuma yangu, nikapeleka kanisani. Mzee wa kanisa akanunua kikapu changu. Kilipoinuliwa cha Mama Nai, nikasimama.

"Msinunue! Kayapiga dawa jana, nimemwona kwa macho yangu!"

Mama Nai akanigeukia kwa ule upole wake unaokera.

"Mama Eliya, yangu nilipiga yakiwa machanga. Jana nilikuwa kwako. Baba Eliya aliniomba niipulizie mipichi yenu, amechoka kusikia unavyolalamika. Kwani hakukwambia msichume mpaka wiki mbili zipite?"

Nikamtafuta mume wangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mzee wa kanisa, shavu likiwa limejaa, akaacha kutafuna.