Kiti Kilichojibu

Fundi wetu wa viti vya mabasi hapa Makambako haondoki karakanani kabla ya kuhesabu sindano zake, kila moja na utepe wake mwekundu, desturi aliyotoka nayo jeshini. Kisha huweka kiganja chini ya kiti alichomaliza. Zamani alihudumia viti vya ndege za kivita, vile ambavyo rubani akivuta mpini, roketi iliyo chini humrusha nje na parachuti hufunguka. "Kile kiti hufanya kazi mara moja tu," husema. "Huwezi kukijaribu. Unakifunga, unasubiri."

Juzi basi la Songea lilisimama, akashuka mwanamume anayetembea mgongo umenyooka kama ubao. "Shikamoo, fundi. Tai aliingia kwenye injini ya ndege yangu, nikavuta mpini. Kadi ya ukaguzi ya kiti ilikuwa na jina lako." Fundi akamsogelea. Alimpitishia dole gumba kwenye uti wa mgongo, pingili kwa pingili, kama anavyokagua mshono.

"Umepungua urefu?"

"Sentimita mbili, kiti kiliponirusha. Lakini niko hapa."

Fundi akamkalisha kwenye kiti kipya, akatuita sote tuache kazi. "Miaka kumi na tisa nasubiri kiti kinijibu," alisema. "Leo jibu limekuja kwa miguu yake."